Sura ya 5: Meza ya Nyumbani na Dawati la Serikali

Kusomesha mtoto nyumbani ni mzazi kubeba kazi yote ya shule: kuchagua mtaala, kupanga ratiba, kufundisha au kuajiri wa kufundisha, kusahihisha, na kumfikisha mtoto kwenye mtihani unaotambuliwa. Si sawa na tuisheni, ambayo Kigali nzima inaifahamu. Mwalimu wa tuisheni huja jioni au Jumamosi kukazia yaliyofundishwa darasani, na mtoto anayefundishwa hivyo ana shule, ana sare, na jina lake limo katika rejista ya mahudhurio. Mtoto anayesomeshwa nyumbani hana rejista isipokuwa ile aliyoipiga mistari mama yake.

Mtaa wa Nyarutarama, katika tarafa ya Remera, wilaya ya Gasabo, unaonyesha umbali kati ya meza ya nyumbani na dawati la serikali waziwazi kuliko mitaa mingi ya Afrika Mashariki. Umepakana na uwanja wa gofu na ziwa dogo, na nyumba zake zimekaliwa na wanadiplomasia, watumishi wa mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara, na Wanyarwanda waliorejea kutoka Uganda, Kenya, Kongo, Ulaya na Amerika. Humo mtaani imo Green Hills Academy, iliyofunguliwa mwaka 1997, na karo za shule za aina hiyo Kigali huhesabiwa kwa mamilioni ya faranga kwa mwaka. Kando yake, hadi mwaka 2022, palikuwa na makazi duni ya Kangondo, yaliyozoeleka kwa jina la utani la Bannyahe, ambayo wakazi wake walihamishiwa Busanza, wilayani Kicukiro, baada ya mvutano wa miaka kadhaa. Jumba na kibanda vilitenganishwa na mwendo wa dakika chache.

Kwa hiyo swali la kusomesha nyumbani au kupeleka shule ya serikali, kama linavyoulizwa Marekani, hapa limekaa upande. Mwenye nyumba wa Nyarutarama akikata shauri la kumfundisha mtoto mezani, anachokimbia kwa kawaida si shule ya serikali, maana hakuwahi kuifikiria. Anakimbia karo ya shule ya kimataifa, au foleni ya magari, au uhamisho wa kazi unaomfanya mtoto abadilishe shule kila miaka miwili, au anataka malezi ya dini ambayo haoni shule ikiyatoa. Anayeipeleka familia yake shule ya serikali katika mtaa huo ni mlinzi wa getini, mpishi na mtunza bustani. Saa mbili na nusu asubuhi, wakati rasmi wa kuanza masomo nchini tangu Januari 2023, mtoto wa mlinzi yuko mstarini shuleni, na mtoto wa mwenye nyumba, kama ni wa kusomea nyumbani, huenda bado anamalizia chai.

Katiba ya Rwanda, katika ibara ya 20, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni bure. Tafsiri ya neno lazima ndiyo inayozitenganisha nchi. Mfumo wa Rwanda umejengwa juu ya shule: kinachokaguliwa ni shule, na watoto wa msingi huandikishwa kwa mtihani wa taifa na shule zao. Viongozi wa vijiji na tarafa hufuatilia watoto walioacha masomo na kuwarudisha darasani, lakini juhudi hizo zinamlenga mtoto anayechunga ng'ombe au kubeba mizigo sokoni. Hazimlengi mtoto mwenye kamusi tatu na mwalimu wa hesabu anayekuja kwa pikipiki. Familia za kigeni zinazosomesha nyumbani Kigali hufanya hivyo kimyakimya, zikijitayarisha kwa mitihani ya nchi nyingine.

Kenya jambo hilo lilifika mahakamani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili. Mzazi mmoja wa magharibi mwa nchi alikamatwa mwaka 2019 kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Akaenda Mahakama Kuu pamoja na mwenzake kudai kwamba sheria hiyo inavunja haki za familia, na mwaka 2021 madai yao yakatupwa. Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mtoto wa miaka 7 hadi 13 kuandikishwa na kuhudhuria. Walioikosa shule wana njia nyingine, kama madarasa ya MEMKWA au Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, lakini njia hizo zilichongwa kwa ajili ya waliokwama, si kwa wazazi waliochagua. Afrika Kusini ndiyo iliyofungua mlango rasmi mapema barani: Sheria ya Shule ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kusomesha nyumbani akishajiandikisha kwa wakuu wa elimu wa jimbo.

Ulaya nako hakuna kauli moja. Ujerumani inamtaka kila mtoto aingie shuleni, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kupokea shauri la wazazi Wakristo waliopinga msimamo huo, ikikubali hoja ya serikali kwamba jamii ina haki ya kuzuia makundi yanayojitenga. Marekani ilikwenda njia ya pili. Mwalimu John Holt, aliyekuwa amekata tamaa ya kurekebisha shule, alianzisha mwaka 1977 jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani. Wazazi wa kanisani wakaongezeka nyuma yake kwa sababu zao wenyewe. Na kufikia mwaka 1993 jambo hilo lilikuwa halali katika majimbo yote 50. Takwimu za serikali ya huko zilikadiria watoto 850,000 mwaka 1999 na takriban milioni 1.7 mwaka 2016, yaani wapatao 3 katika kila 100. Familia nyingi za kigeni zinazosomesha nyumbani Kigali zimekuja na mazoea ya upande huo wa bahari, pamoja na vitabu vyake.

Rwanda ina sababu yake ya kuitazama shule kama mali ya taifa, na sababu hiyo haitokani na nadharia ya elimu. Kabla ya 1994 kabila liliandikwa katika vitambulisho, walimu waliwasimamisha watoto darasani kwa makabila yao ili wahesabiwe, na nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mgao wa kikabila na kimkoa. Waliofungiwa nje walijitafutia njia: shule ya APACOPE ya Kigali ilianzishwa na wazazi miaka ya 1980, na ndiyo mfano wa karibu zaidi, katika historia ya mji huo, wa wazazi kuitwaa elimu mikononi mwao. Hawakufanya hivyo kwa kupenda kujitenga. Kisha usiku wa Machi 18, 1997, katika sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajigawe Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa. Baadhi yao waliuawa, na wanafunzi wa Nyange leo wamo katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, wanaokumbukwa kila Februari 1. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, hoja kwamba mtoto anahitaji kukaa dawati moja na mtoto wa jirani asiyefanana naye ina uzito ambao haina Texas.

Shule yenyewe ya serikali ikoje? Kwa mkazi wa kaskazini mwa Nyarutarama mfano ulio karibu ni Kagugu, mojawapo ya shule kubwa kabisa nchini kwa idadi, yenye wanafunzi wanaohesabiwa kwa maelfu. Ilipata sifa mwaka 2008 kwa kuwa miongoni mwa shule za kwanza kupokea kompyuta ndogo za rangi ya kijani na nyeupe za mradi wa kumpa kila mtoto kompyuta yake. Sifa ni moja, hali ya darasa ni nyingine. Katika shule za msingi za miji ya Rwanda darasa la watoto 60 au zaidi si ajabu, na madarasa ya chini yamezoea kugawanywa zamu mbili, kundi la asubuhi likitoka la mchana likiingia, chumba kilekile na mara nyingi mwalimu yuleyule. Serikali ilijenga zaidi ya vyumba 22,000 vya madarasa wakati shule zilipofungwa kwa ugonjwa wa Uviko na baada yake, jambo lililopunguza msongamano pakubwa bila kuumaliza. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa msingi ikaongezwa kwa asilimia 88, nyongeza kubwa kwa kipimo chochote, na ikaonyesha wazi jinsi walivyokuwa wakilipwa kidogo.

Gharama ya mzazi ni ndogo sana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2003, elimu ya msingi ya miaka 9 ikaanza mwaka 2009, ya miaka 12 ikafuata mwaka 2012. Tangu 2021 chakula cha mchana kimeenezwa katika ngazi zote, na mwaka 2022 wizara iliweka kiwango cha mchango wa mzazi wa shule ya awali na ya msingi kuwa faranga 975 kwa muhula. Ni kama faranga 15 kwa siku ya masomo, huku serikali ikifidia sehemu kubwa iliyobaki. Kwa sekondari ya kutwa kiwango kilikuwa 19,500, na ya bweni 85,000. Sahani ya ugali au wali na maharage imewarudisha watoto shuleni pengine kuliko hotuba yoyote.

Kinachopatikana kwa bei hiyo hakilingani kila mara na miaka inayotumika. Benki ya Dunia, katika kipimo chake cha rasilimali watu cha mwaka 2020, ilikadiria kwamba mtoto wa Rwanda angetarajia miaka 6.9 ya shule kabla ya kutimiza 18, lakini kwa kile anachojifunza hasa miaka hiyo ilikuwa sawa na 3.9. Pengo hilo lina sababu nyingi, na mojawapo ni lugha. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarejeshwa kwa madarasa matatu ya kwanza. Na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Walimu waliosomea Kifaransa walijikuta wakifundisha sayansi kwa lugha waliyokuwa wakijifunza wenyewe. Mtoto wa mlinzi anasikia Kinyarwanda nyumbani, njiani, uwanjani na kwenye redio, halafu anaulizwa sehemu za mmea kwa Kiingereza.

Mtoto wa mezani Nyarutarama ana tatizo hilohilo likiwa limegeuzwa. Kiingereza chake ni chepesi, pengine na Kifaransa, lakini Kinyarwanda chake ni kile cha kumwagiza mpishi. Mtihani wa taifa wa darasa la sita una masomo matano: Kinyarwanda, Kiingereza, hisabati, sayansi na teknolojia, na maarifa ya jamii pamoja na dini. Hakuna njia ya kulikwepa la kwanza. Mtoto wa Kinyarwanda aliyelelewa Brussels au Kampala, akifundishwa nyumbani na wazazi wanaozungumza Kiingereza tu, anaweza kuishi Kigali miaka 6 asiweze kusoma barua ya bibi yake. Familia zinazosema Kiswahili nazo zina hesabu yao. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini darasa la msingi halimfundishi mtoto wa Kitanzania au wa Kikongo insha ya Kiswahili. Hapo saa moja ya kila siku mezani inafanya kazi ambayo shule zote mbili, ya serikali na ya kimataifa, zimeiacha.

Jinsi masomo ya nyumbani yanavyoendeshwa hutegemea mtaala. Walio wengi huangukia makundi matatu. Kuna wanaofuata mtaala wa Kimarekani wa Kikristo, hasa ule wa Accelerated Christian Education ulioanzia Texas mwaka 1970, ambao umeenea pia Kenya. Huo hutumia vijitabu vyembamba, 12 kwa kila somo kwa mwaka. Mtoto hujisomea, hujisahihisha kwa ufunguo wa majibu, na haruhusiwi kwenda kijitabu kinachofuata mpaka apate angalau alama 80 katika 100. Mtaala huo unafaa kwa mzazi asiye mwalimu. Ubaya wake ni kwamba mtoto hujifunza kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa ustadi mkubwa na kubishana kidogo sana. Kundi la pili hufuata Cambridge, wakilenga mitihani ya kimataifa ya sekondari. La tatu huchanganya: hisabati za bure za Khan Academy, vitabu vya hadithi, na silabasi za Rwanda zenyewe, ambazo pamoja na vitabu vya kiada hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya Bodi ya Elimu ya Msingi. Njia hii ya mwisho haisifiwi inavyostahili. Mtaala wa Rwanda unaojengwa juu ya umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, unamtaka mtoto apime, ajadili, atengeneze na aeleze. Darasani, kwa watoto 60, mengi ya hayo hubaki katika karatasi za maandalizi ya mwalimu. Mezani, kwa watoto wawili, yanafanyika.

Saa za kazi huwashangaza wanaoanza. Mtoto wa miaka 7 anayefundishwa peke yake humaliza kwa saa mbili au tatu yale yanayochukua siku nzima shuleni, kwa kuwa hakuna kuita majina, kusubiri daftari wala kupanga foleni ya chakula. Siku iliyobaki ni mali ya familia: maktaba ya umma ya Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012, bustani ya Nyandungu yenye mafunjo na ndege, au jumba la makumbusho la Kandt huko Nyarugenge. Lakini mtu mzima mmoja lazima awepo siku zote. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo. Mzazi anayeacha mshahara ili afundishe, naye kwa kawaida ni mama, analipa karo isiyoonekana katika risiti yoyote. Na mwalimu wa kuajiriwa wa kila siku, akigawanywa kwa mtoto mmoja, ni ghali kuliko mwalimu wa shule yoyote. Ndiyo maana familia mbili au tatu huungana, zikimweka mwalimu mmoja katika sebule moja. Watoto sita, saa maalumu, mwalimu wa kulipwa: hiyo tayari ni shule ndogo, ila haina cheti.

Majaribio makubwa ya mwaka 2020 hayafai kutumiwa kama ushahidi wa upande wowote, ingawa hutumiwa. Shule za Rwanda zilifungwa Machi 16 na hazikuanza kufunguliwa hadi Novemba 2, kwa awamu. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na yaliyokuwa mtandaoni yaliwafaa wenye mtandao. Mtoto wa Nyarutarama alikuwa na chumba chake, kishikwambi na mzazi anayefanyia kazi nyumbani. Wa Kangondo alikuwa na redio ya familia, kama betri zilikuwamo. Kilichotokea katika nyumba nyingi hakikuwa kusomesha nyumbani. Ilikuwa ni shule iliyofungwa.

Matokeo ya masomo ni magumu kulinganisha kwa sababu ileile popote duniani. Watoto wa nyumbani wanaofanya mtihani ni wale ambao wazazi wao walijitolea, wana vitabu, na wameona mtoto yuko tayari; wa shule wanapimwa wote, aliyekula na asiyekula. Kulinganisha wastani wa makundi hayo mawili hakuonyeshi njia ipi inafundisha vizuri, kunaonyesha nani ana mzazi mwenye nafasi.

Kuhusu urafiki na tabia, wasiwasi wa kawaida ni kwamba mtoto wa nyumbani atakuwa mpweke. Wasiwasi huo umezidishwa kidogo. Mtoto ana kanisa au msikiti, timu ya kuogelea, ndugu na majirani. Asichokipata Nyarutarama ni watu wasiofanana naye. Marafiki zake wamechaguliwa na wazazi wake, wana kuta za urefu uleule na mbwa wa aina ileile. Shule ya serikali haimchagulii mtoto rafiki kwa upole, na fimbo, dhihaka na msongamano vyote vimo humo. Lakini ndiyo mahali pekee mjini ambapo mtoto wa dereva na mtoto wa mhasibu hupanga foleni moja ya maharage. Shule ya kimataifa ina upungufu uleule wa mezani kwa karo kubwa zaidi, na wanaowakosoa wazazi wa nyumbani kwa hoja hii husahau kuielekeza kwake.

Umri hubadilisha hesabu yote. Kwa miaka ya chekechea na madarasa matatu ya mwanzo, mzazi makini mwenye nafasi ana kila sababu ya kufanikiwa: kusoma, kuandika na kuhesabu hufundishwa vyema ana kwa ana. Kuanzia kidato cha kwanza mambo hugeuka. Kemia inataka maabara. Mitihani ya Cambridge ya ngazi ya kwanza ya sekondari humruhusu mtahiniwa wa sayansi kuandika karatasi ya maswali badala ya kufanya jaribio kwa mikono, jambo lililowaokoa watoto wengi wa nyumbani. Ngazi ya juu haina huruma hiyo, mtahiniwa wa fizikia au baiolojia lazima aingie maabara katika kituo kilichoidhinishwa. Na hapa mzazi hukutana na ukweli ambao angepaswa kuujua mtoto akiwa na miaka 6: mtaala unaochaguliwa mwanzoni ni uamuzi kuhusu mtihani wa mwisho. Mwenye kulenga chuo kikuu nje ya nchi anahitaji kituo cha mitihani kitakachokubali kumwandikisha mtoto asiye mwanafunzi wake. Mwenye kulenga Chuo Kikuu cha Rwanda kwa cheti cha nchi anahitaji mtihani wa kidato cha sita wa NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi iliyoundwa mwaka 2020, ambayo huwapokea pia watahiniwa wa kujitegemea kwa masharti yake. Mwenye cheti cha kigeni naye hupitia hapohapo kuomba kithibitishwe kuwa kinalingana na cha Rwanda.

Kurudi shuleni katikati ya njia hutokea mara nyingi kuliko wazazi wanavyotarajia, kwa kazi mpya, mtoto mwingine, au uchovu. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali atauliza ripoti za miaka iliyopita. Mzazi aliyeweka mafaili, yaani kazi zilizosahihishwa na kutiwa tarehe, orodha ya vitabu vilivyosomwa, na mpango wa masomo uliolinganishwa na silabasi ya Rwanda, ana cha kuweka mezani; asiyeweka, mtoto hupimwa upya na huenda akashushwa darasa, mara nyingi kwa sababu ya Kinyarwanda. Wakati mzuri wa kurudi ni darasa la nne, au la tano mwanzoni, mtoto akiwa bado na muda wa kuzoea kabla ya mtihani wa taifa. Anayerudishwa darasa la sita anaingia katika chumba ambacho kila mtu anarudia maswali ya mitihani iliyopita, na yeye hajawahi kuiona hata mmoja.